Je, ada ya mahakama ipandishwe ili kesi zipungue?

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa. Mkandarasi mmoja alichukua saruji, mabati na nondo kwa mkopo, na mpaka leo hajalipa deni la shilingi 640,000 lililobaki tangu mwaka jana. Wakili niliyemwendea ameniambia kwamba nikienda mahakamani, huenda gharama na ucheleweshaji vikala sehemu kubwa ya fedha hizo. Wakati huo huo nimepokea barua ya wakili wa kijana aliyekuwa akipakua mizigo dukani kwangu, akavunjika mguu kazini, ambaye sasa anadai fidia. Naona watu wanakimbilia mahakamani kwa kila jambo. Kwa nini serikali isipandishe ada ya kufungua kesi, na anayeshindwa akalipishwa kila kitu, ili kesi zipungue?

Jibu: Ndugu yangu, barua yako ina malalamiko mawili, nami nakuomba uyaweke kando kwa kando kabla hatujaendelea. Katika lile la kwanza unasikitika kwamba kesi yenye haki imekuwa ghali mno kuifungua, na katika la pili unasikitika kwamba kesi imekuwa rahisi mno kufunguliwa. Dawa unayoipendekeza, yaani kupandisha ada, itaigusa kwanza kesi yako wewe unayedai saruji yako, na huenda isimguse kabisa yule unayetaka azuiwe. Wachumi wanaochunguza sheria wamelishughulikia jambo hili kwa takriban nusu karne, na fundisho lao la msingi ni kwamba nchi inaweza kuwa na kesi nyingi kupita kiasi na kesi chache kupita kiasi kwa wakati mmoja. Swali la kuuliza, kwa hiyo, ni kesi zipi zinazofunguliwa na zipi zinazoachwa, na ni hesabu gani inayowasukuma watu kufungua au kuacha.

Tuanze na hesabu ya mdai, kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara na unaijua hata kama hujawahi kuiandika. Mtu hufungua kesi pale kiasi anachotarajia kupata, kikizidishwa kwa uwezekano wa kushinda na kulipwa, kinapozidi gharama atakazobeba. Tuseme unaamini una nafasi ya asilimia 70 ya kupata shilingi 640,000 zako, na kesi nzima itakugharimu shilingi 90,000. Matarajio yako ni shilingi 448,000, na ukiondoa gharama unabaki na 358,000, kwa hiyo malipo yoyote nje ya mahakama yanayozidi hapo yanakufaa. Mkandarasi naye, kama anaona ana uwezekano wa asilimia 60 wa kuamriwa kulipa na gharama zake ni hizo hizo, anatarajia kupoteza shilingi 384,000 pamoja na 90,000 za kujitetea, jumla 474,000. Kati ya 358,000 na 474,000 kuna nafasi pana ya kuelewana, na watu wenye akili timamu huitumia. Ndiyo maana madai mengi humalizika bila hukumu, na ndiyo maana vilevile kesi tunazozisikia zikisomwa mahakamani si kipimo kizuri cha migogoro iliyomo katika nchi, kwani hizo ni zile ambazo pande mbili zilitofautiana sana katika kukadiria nani atashinda.

Sasa tazama kinachokosekana katika hesabu hiyo. Mdai anahesabu gharama zake peke yake. Hahesabu gharama za mdaiwa, wala mshahara wa hakimu, karani na mlinzi wa mahakama, ambao hulipwa na walipa kodi. Kwa upande wa pili, hahesabu pia faida wanayoipata watu wengine wasiomjua, yaani makandarasi wengine watakaolipa kwa wakati kwa sababu wamesikia kwamba mwenzao alifikishwa mbele ya sheria. Steven Shavell wa Chuo Kikuu cha Harvard alilieleza jambo hili kwa uwazi mwaka 1982: msukumo wa mtu binafsi wa kushtaki na manufaa ya jamii kutokana na kesi ni vitu viwili vinavyoachana njia, na kuachana huko kunaweza kuelekea upande wowote. Nadhani hakuna wazo muhimu zaidi ya hilo katika somo hili lote, kwa hiyo nitalikalia kwa mfano nilioutunga mwenyewe.

Chukua mwenye malori ambaye safari zake kwa mwaka husababisha ajali 10, kila moja ikimtia mtu hasara ya shilingi 10,000. Kushtaki kunamgharimu aliyeumizwa shilingi 3,000, na kujitetea kunamgharimu mwenye malori shilingi 2,000. Tuseme njia pekee ya kupunguza ajali itagharimu shilingi 20,000 na itazuia ajali moja tu. Kila aliyeumizwa atashtaki, kwa kuwa 10,000 inazidi 3,000. Mwenye malori atalipa fidia mara 10, lakini hatachukua tahadhari yoyote, kwa sababu si akili mtu kutoa 20,000 ili aokoe 12,000. Mwisho wa mwaka ajali ni zile zile 10, na shilingi 50,000 zimeteketea kwa mawakili na makaratasi. Hizo ndizo kesi za kupita kiasi. Geuza namba kidogo: kushtaki sasa kunagharimu shilingi 12,000, na kuna breki bora ambazo kwa shilingi 5,000 tu zingezuia ajali 9 kati ya 10. Hakuna atakayeshtaki kwa hasara ya 10,000, kwa hiyo mwenye malori hana sababu ya kununua breki, na jamii inaendelea kupoteza shilingi 100,000 kila mwaka. Kama walioumizwa wangewezeshwa kushtaki, breki zingenunuliwa, na gharama ya jumla, yaani breki, ajali moja iliyobaki na kesi yake, ingekuwa shilingi 29,000. Hapo kesi ambayo kwa mtu binafsi ni hasara, kwa jamii ni faida kubwa.

Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni kuuliza kama tishio la kesi linabadilisha mwenendo wa watu kabla ya madhara kutokea, na kama mabadiliko hayo yanazidi gharama za kesi zenyewe. Ukikishika kipimo hiki, utaona mara moja kasoro ya ada kubwa ya kufungulia kesi: ada huchuja madai kwa ukubwa wake, haiyachuji kwa uzito wa haki iliyomo. Dai dogo lenye ushahidi kamili hufa mlangoni, na dai kubwa lisilo na msingi hupita.

Jambo hili si la nadharia tu, kwa sababu Uingereza ililijaribu mbele ya macho ya dunia. Tarehe 29 Julai 2013 serikali ya huko ilianza kutoza ada katika mabaraza ya kazi, ambayo kabla ya hapo yalikuwa bure. Mfanyakazi aliyedai jambo jepesi, kama mshahara ambao haujalipwa, alitakiwa kutoa jumla ya pauni 390 mpaka shauri lake lisikilizwe, na aliyedai kuachishwa kazi isivyo halali au kubaguliwa alitakiwa kutoa pauni 1,200. Sababu zilizotolewa zilikuwa karibu sawa na zako: watumiaji wa mabaraza wachangie gharama, madai yasiyo na msingi yapungue, na watu wahimizwe kupatana mapema. Madai yalipungua kweli, tena kwa takriban theluthi mbili. Anayehesabu kesi peke yake angesema sera imefanikiwa.

Chama cha wafanyakazi cha UNISON kilipinga ada hizo, na tarehe 26 Julai 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba hazikuwa halali tangu mwanzo. Ninachokuomba ukitazame ni ushahidi uliowekwa mbele ya majaji hao. Ikiwa ada huondoa madai ya hovyo na kubakiza ya kweli, basi miongoni mwa yanayobaki kiwango cha ushindi kinapaswa kupanda. Hakikupanda; baada ya ada, sehemu ya madai yaliyoshinda ilikuwa ndogo kuliko zamani. Wala maafikiano ya mapema hayakuongezeka, na sababu yake inaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kukopesha: baadhi ya waajiri walitulia kimya wakisubiri kuona kama mfanyakazi atapata pesa za ada, kwani asipozipata mgogoro unakufa wenyewe. Ada ambayo ilitarajiwa kuwaleta watu mezani ikampa mwajiri sababu ya kutofika mezani. Fikiri pia hesabu ya mfanyakazi anayedai mshahara wa pauni 500 na kutakiwa kutanguliza 390. Hata akiwa na uhakika mkubwa wa kushinda, mtu mwenye busara ataacha. Serikali ililazimika kuwarudishia watu ada walizolipa.

Katika hukumu hiyo Jaji Reed aliandika jambo ambalo wachumi walikuwa wakilisema kwa lugha yao, kwamba mahakama si huduma inayomnufaisha anayeitumia peke yake. Miongoni mwa mifano aliyoitaja ni kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Mwaka 1928 mwanamke mmoja wa Scotland alikunywa kinywaji cha tangawizi kutoka chupa ambayo, kwa maelezo yake, ilikuwa na mabaki ya konokono, akaugua, akamshtaki mtengenezaji ambaye hakuwa na mkataba naye wowote. Alikuwa maskini kiasi kwamba alipofika kwenye rufaa ya mwisho huko London aliomba aruhusiwe kuendelea kama mtu asiye na uwezo. Uamuzi uliotolewa mwaka 1932 ndio chimbuko la wajibu wa uangalifu ambao hadi leo mahakama za Kenya, Tanzania na Uganda huutumia mtu anapoumizwa na uzembe wa mwingine. Kila soda unayokunywa katika soko la Kongowea hapo Mombasa imetengenezwa na kampuni inayojua kwamba inaweza kuulizwa kuhusu usafi wa chupa yake. Kwa hesabu ya yule mama, kesi ile huenda haikuwa na maana; kwa hesabu ya mabilioni ya wanywaji waliokuja baadaye, thamani yake haipimiki. Ndiyo sababu naona Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilifanya vyema kuweka katika Kifungu cha 48 kwamba ada yoyote inayotozwa iwe ya kadiri na isizuie watu kuifikia haki.

Nije kwenye pendekezo lako la pili, kwamba anayeshindwa alipe kila kitu. Kwanza, kanuni hiyo tayari iko kwetu. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Kenya kinaweka wazi kwamba gharama hufuata matokeo, isipokuwa mahakama ikiona sababu nzuri ya kuamua vinginevyo, na Tanzania ina utaratibu unaofanana na huo. Hata hivyo gharama zinazokadiriwa na mahakama kwa kawaida hazifikii kile mshindi alichomlipa wakili wake, kwa hiyo hata ukishinda utabaki na pengo. Marekani kwa kawaida kila upande hubeba mzigo wake. Watu wengi huamini kwamba kanuni ya Kiingereza, yaani hii ya anayeshindwa kulipa, hupunguza kesi na ya Kimarekani huziongeza, lakini ukirudi kwenye mfano wetu utaona mambo hayako sawasawa hivyo.

Tuseme wewe na mkandarasi nyote mna matumaini makubwa: wewe unaamini una asilimia 90 ya kushinda, na yeye anaamini una asilimia 40 tu. Kila mmoja akibeba gharama zake, wewe hutakubali chini ya 486,000 na yeye hatatoa zaidi ya 346,000, na pengo kati yenu ni 140,000. Sasa weka kanuni kwamba anayeshindwa alipe gharama zote 180,000. Matarajio yako yanapanda hadi 558,000, kwa sababu unaona karibu kwa uhakika kwamba gharama zitamwangukia yeye. Naye anashusha hesabu yake hadi 328,000, kwa sababu anaamini zitakuangukia wewe. Pengo limekuwa 230,000, na uwezekano wa kupatana umezidi kuwa mdogo. Gharama ambazo zingewasukuma kusuluhishana zimegeuka kuwa sehemu ya dau la mchezo, na kila mmoja atatumia zaidi ili asilipoteze.

Jimbo la Florida lilipata somo hili kwa vitendo. Kuanzia mwaka 1980 lilitumia kanuni ya anayeshindwa kulipa katika kesi za uzembe wa madaktari, na madaktari wenyewe walikuwa wameiunga mkono kwa matumaini kwamba itawapunguzia mashtaka. Watafiti waliochunguza madai ya kipindi hicho walikuta kwamba madai dhaifu yaliachwa mapema zaidi, jambo ambalo ni zuri, lakini yaliyoendelea yalipiganwa kwa gharama kubwa zaidi na fidia zake zilikuwa kubwa zaidi. Aidha daktari aliyeshindwa alilipa gharama za mgonjwa, na mgonjwa asiye na mali aliyeshindwa hakuwa na cha kumlipa daktari. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1985. Hapo ndipo pendekezo lako linapoyumba zaidi, ndugu yangu, kwa kuwa tishio la gharama halimtishi mtu asiye na kitu cha kunyang'anywa. Linamtisha mwalimu mwenye nyumba ndogo na shamba, au mwenye duka kama wewe.

Huenda pia barua ya wakili wa yule kijana imekutia wasiwasi kwamba mawakili ndio wanaochochea kesi za fidia. Marekani wakili anaweza kukubali asilipwe mpaka ashinde, na mara nyingi huchukua takriban theluthi moja ya fidia. Nchini Kenya mapatano ya wakili kulipwa ikiwa tu atashinda hayana nguvu kisheria chini ya Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili. Mimi sioni kwamba mfumo wa kulipwa kwa ushindi ni uovu wenyewe, kwa sababu wakili anayejua kwamba akishindwa atakula hasara huwa mchujaji mkali kuliko karani yeyote wa mahakama. Hataipokea kesi dhaifu. Hatari inatokea pale mtu anayeamua kutumia gharama si yule atakayezilipa. Uingereza ilifanya kosa hilo kuanzia mwaka 2000, iliporuhusu ada ya ziada ya ushindi, ambayo ingeweza kufikia asilimia 100 juu ya malipo ya kawaida ya wakili, pamoja na bima ya gharama, vyote vidaiwe kutoka kwa aliyeshindwa. Mteja hakuwa na sababu ya kuuliza wakili wake anatoza kiasi gani, kwa kuwa hakuna senti iliyotoka mfukoni mwake, na gharama zikapanda hadi zikazidi fidia katika kesi nyingi ndogo. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2013 sheria ikageuzwa: ada ya ziada ikawa ya mteja mwenyewe, na katika kesi za majeraha ikawekewa kikomo cha asilimia 25 ya fidia, ukiondoa fidia ya hasara za baadaye. Kwa kubadilishana, mdai wa majeraha anayeshindwa kwa uaminifu akakingwa asilipe gharama za mdaiwa. Naona mpango huo ulikuwa na akili zaidi kuliko ada ya mlangoni, kwa kuwa ulimrudishia mdai macho ya mnunuzi bila kumfungia njia.

Kuna kidhibiti kingine ambacho hakimo katika sheria yoyote, lakini kwetu ndicho chenye nguvu kuliko vyote, nacho ni ucheleweshaji. Foleni ya mahakama ni ada ya siri. Ikiwa biashara yako inakopa benki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, shilingi 640,000 utakazolipwa baada ya miaka minne bila riba zina thamani ya kama shilingi 366,000 leo. Mkandarasi hahitaji hoja ya kisheria. Anahitaji kalenda tu. Mwenye deni ananufaika kwa kila ahirisho, na mwenye haki anaumia, kwa hiyo foleni huzuia kesi za wanaodai kwa haki na kuwavutia wanaotaka kununua muda. Kati ya njia zote za kupunguza kesi, hii ndiyo mbaya kabisa, na inasikitisha kwamba hutumika bila mtu yeyote kuipitisha bungeni.

Baraza linaweza pia kudhibitiwa kwa muda badala ya bei, na Tanzania inatoa mfano mzuri. Katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mfanyakazi hatakiwi kutoa ada ya kumzuia, lakini anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kuwasilisha mgogoro wake ndani ya siku 30. Mlango uko wazi, ila haukai wazi muda mrefu, na mwajiri anajua mapema kama ana mgogoro au hana.

Sasa kuhusu kijana wako aliyevunjika mguu. Hapa suluhisho lililopatikana duniani halikuwa kumzuia aliyeumia asidai, bali kuliondoa dai lenyewe mahakamani na kuliweka katika mfuko au bima. New Zealand ilikwenda mbali zaidi ya wote, pale ilipoanzisha tarehe 1 Aprili 1974 mpango wa kumlipa kila aliyeumia katika ajali bila kuuliza nani mwenye kosa, na haki ya kushtaki kwa ajili ya fidia ya majeraha ikaondolewa. Faida yake ni kwamba fedha zinamfikia mgonjwa badala ya kuishia katika mabishano. Udhaifu wake, kwa kipimo tulichokubaliana hapo juu, ni kwamba mzembe anaweza kupoteza sababu ya kujirekebisha, isipokuwa michango ya kila mwajiri ipangwe kwa kufuata ajali zinazotokea kwake.

Kenya ilifuata njia hiyo kwa wafanyakazi kupitia Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri mahakamani kwa jeraha ambalo sheria hiyo inalihusu, na badala yake dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Sheria ilipingwa kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha tarehe 3 Desemba 2019. Lakini upande wa pili wa mapatano hayo unakuhusu wewe: sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Kijana aliyepoteza uwezo wa kubeba mzigo amepoteza mtaji wake wote, na barua ya wakili wake haionyeshi kwamba watu wamekuwa na pupa ya kesi. Kama una bima, mjulishe mwenye bima wako leo, na uhakikishe kwamba ajali imeripotiwa kwa ofisi ya usalama kazini ya kaunti yako. Kama huna, basi gharama utakayoibeba ndiyo ile ambayo mpango mzima ulikusudia uilipe kidogo kidogo kila mwezi.

Na deni lako la shilingi 640,000? Hapa nina habari nzuri zaidi kuliko uliyopewa na wakili wako. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 ilitungwa kwa ajili ya watu wa aina yako. Mwanzoni kikomo chake kilikuwa shilingi 200,000, kikapandishwa mwaka 2020 hadi shilingi milioni 1, na mahakama ya kwanza ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021 kabla ya huduma kuenezwa katika miji mingine. Inashughulikia mikataba ya mauzo ya bidhaa na huduma, fedha zinazodaiwa, na madai mengine ya kiasi hicho. Haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi, imeandaliwa ili mtu aweze kujisimamia, na inatakiwa imalize shauri ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, kwa hiyo mkandarasi hawezi kukurudisha mwanzo wa ngoma kwa kubishania tena kama mabati yalifika au hayakufika.

Utaona kwamba mahakama hii inaongeza idadi ya kesi, kwa kuwa watu waliokuwa wakiacha madai yao sasa wanayafungua. Mtu anayetazama takwimu peke yake ataiona kama ongezeko la ugomvi. Mimi naliona kama soko la mikopo la Kongowea likianza kuaminika, kwani muuzaji anayejua kwamba deni linaweza kudaiwa ndani ya siku 60 yuko tayari kumkopesha hata mteja asiyemjua kwa ukoo.

Kabla hujafungua shauri, fanya mambo mawili. Kwanza kusanya hati za kupokelea mizigo zenye sahihi ya mkandarasi au msimamizi wake, ujumbe wa simu alioahidi kulipa na rekodi za malipo aliyowahi kufanya, kwa maana wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ndilo litakaloamua asilimia yako. Pili, mpelekee barua ya madai yenye tarehe ya mwisho na utaje mahakama utakayoiendea. Kwa wadaiwa wengi, kujua kwamba sasa kuna mlango wa bei nafuu na wa haraka kunatosha kuibadilisha hesabu yao. Kama bado ananyamaza, chunguza kwanza ana nini kinachoweza kukamatwa kwa amri ya mahakama: gari kwa jina lake, mashine ya kuchanganyia zege, au malipo anayotarajia kutoka kwa mwenye jengo. Hukumu dhidi ya mtu asiye na mali ni karatasi, na uwezekano wa kulipwa unapaswa kuingia katika hesabu yako sawa na uwezekano wa kushinda. Dai la mkataba lina miaka sita kabla ya kuzimwa na sheria ya ukomo wa muda, lakini usiisubiri miaka hiyo, kwa sababu mkandarasi mwenye kazi mwaka huu anaweza kuwa hana kitu mwaka ujao.